Tone Ndani ya Tone

Kwenye josho la Mringaringa, upande wa magharibi wa Mlima Meru, ng'ombe wa mtunza josho ndio waliotangulia kuingia majini. Sheria hiyo haikuandikwa popote. Ilianza siku josho lilipofunguliwa, wazee walipokuwa bado wakilitazama lile shimo refu la saruji kama mtu anavyotazama kaburi lililo wazi, na mmoja wao akasema, "Anayetuambia maji haya hayaui, na atangulize wake." Efraimu, mtunza josho, akatanguliza wake. Hakuna aliyekufa, ila kupe. Tangu hapo ikawa desturi, tena ikaonekana ina faida, maana kwa wiki nzima dawa hutulia, na ng'ombe saba wa Efraimu wakishaogelea mara mbili, maji huwa yamekorogeka kabla ng'ombe wa watu hawajaingia.

Na katika hao saba, wa kwanza kabisa kuruka alikuwa Nasieku, ng'ombe wa Sinyati.

Sinyati alikuwa mke wa Efraimu, mwanamke mwembamba wa maneno machache. Kanisani walimbatiza Hanna, lakini nyumbani jina la Sinyati halikumtoka. Siku alipoolewa mama yake alimpa mtamba mmoja mwekundu, akamwambia, "Huyu ndiye mimi. Usiku ukilia, nenda kwake." Mama alikwishakufa miaka mingi. Nasieku alikuwa mjukuu wa mtamba ule, na nyuma ya Nasieku alikuwapo ndama jike wa miezi minne, mwekundu vilevile. Basi. Wengine wote walikufa kwa ndigana, homa iletwayo na kupe, miaka ile kabla ya josho. Kilichobaki duniani kutoka mkononi mwa mama yake kilikuwa hao wawili.

Kitu kimoja Sinyati alikijua kupita wanawake wote wa pale, nacho ni maziwa. Siagi ikimkatalia mtu, walimwita yeye. Alikaa chini, akakipakata kibuyu mapajani, akakisukasuka huku ameinamisha kichwa, anasikiliza. Mwanzoni maziwa hulia kama maji. Halafu huwa mazito, sauti inazama. Halafu ghafla sauti inakatika vipandevipande, na hapo ujue chembe za siagi zimeshikana. Alipoulizwa na wasichana, alisema, "Maziwa ni mafuta yaliyojificha ndani ya maji. Siagi ni maji yaliyojificha ndani ya mafuta. Ukisukasuka, aliyejificha na aliyemficha wanabadilishana." Ndiyo maana aliikanda siagi yake kwa subira mpaka tone la mwisho la maji meupe limetoka. Siagi yenye maji tumboni, alisema, usoni ni nzuri lakini moyoni imeoza.

Mwaka 1954, wakati wa Mwingereza, dawa ya josho ilibadilishwa. Ya zamani ilikuwa unga wenye sumu ulioyeyuka kama chumvi. Hii mpya ilikuja kwa lori kutoka mjini ndani ya pipa la bati, nayo ilikuwa ya mafuta, rangi ya asali, na harufu yake ilikaa puani hadi kesho yake. Ilipotiwa majini ikawa nyeupe kama maziwa. Watu wakacheka, wakasema Wazungu sasa wanakamua mapipa.

Aliyeleta pipa alikuwa Aikaeli, msaidizi wa Bwana Mifugo, kijana wa Kimeru kutoka upande wa pili wa mlima, aliyesomea kazi yake na kuichukulia kwa uzito. Sinyati alipowapelekea chai alimkuta amechuchumaa na Efraimu kando ya ndoo.

"Shikamoo, mama," alisema Aikaeli, kisha akaendelea. "Sikiliza, mzee wangu. Ndoo ianze na maji. Halafu dawa, kidogo kidogo, huku unakoroga. Dawa ndani ya maji. Usije ukafanya maji ndani ya dawa, hata siku moja."

"Si yote yanachanganyika tu?" aliuliza Efraimu.

"Hayachanganyiki. Mafuta yanagawanyika kuwa matone, na matone yawe madogo hata jicho lisiyaone. Tone dogo linamuua kupe. Tone kubwa linashika manyoya, linakaa, linapenya ngozi. Hilo linamuua ng'ombe."

Efraimu akaitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu mwema, mwenye kupenda kazi yake. Koti lake la kaki alilifua kila Jumamosi, na ufunguo wa ghala la josho aliuvaa shingoni pamoja na msalaba. Yale maneno aliyasikia. Sinyati naye aliyasikia, akayaweka pale wanapoweka watu maneno ya wataalamu, yaani mbali kidogo.

Miezi miwili ikapita vizuri. Ikaja Julai, na Julai ile ukungu uliushika mlima siku tisa bila jua. Kilele cha Meru hakikuonekana. Asubuhi ng'ombe walitoa moshi puani, na migomba ilidondosha maji kama baada ya mvua. Jumatatu Efraimu alipima josho kwa fimbo yake yenye alama, akakuta limepungua shubiri mbili. Ilibidi aongeze maji na dawa kabla ya Jumatano, siku ya kuogesha. Maji aliyaongeza kutoka kwenye mfereji. Lakini alipoliinamisha pipa, dawa haikutoka. Kwa baridi ilikuwa imeganda, imeng'ang'ania chini kama mafuta ya kondoo kwenye sufuria.

"Inataka jua," alisema.

"Jua lenyewe liko wapi?" alijibu Sinyati. Kisha akasema neno ambalo baadaye alilirudia moyoni mara nyingi kuliko sala. "Siagi ikikataa kibuyuni kwa baridi, sisi tunafanyaje? Tunatia maji ya uvuguvugu kidogo, tunasuka."

Efraimu alimtazama, akacheka. "Mama Lemayian, wewe kila kitu kwako ni kibuyu."

"Basi kaa usubiri jua."

Hakusubiri. Waliteka maji ya uvuguvugu, wakayatia ndani ya pipa, juu ya dawa. Wakalifunga, wakalilaza juu ya gogo, yeye huku na mumewe kule, wakalisukasuka. Sinyati aliinamisha kichwa kusikiliza, kama kawaida yake. Mwanzoni lililia maji. Halafu sauti ikazama. Ikazidi kuzama. Walipolifungua walikuta dawa imevimba, imekuwa nyeupe na nzito, laini kama utandu wa maziwa ya jana, na tena imeongezeka.

"Tazama!" Efraimu alisema kwa furaha. "Na hata tone halikubaki chini."

Waliichota kwa karai, ndoo baada ya ndoo, wakaimimina joshoni, na Efraimu akakoroga kwa kasia lake la mti tangu mwisho mmoja hadi mwingine. Josho likawa jeupe, jeupe kuliko lilivyowahi kuwa. Ukungu ulilala juu yake, hata usijue maji yanaishia wapi.

Jumanne alasiri mbwa wao, Kali, aliulamba mpini wa kasia lile lililoegemezwa ukutani. Hakuna aliyejali. Baada ya saa mbili hivi Sinyati alimwona amesimama uani, ngozi ya mgongo inamcheza kama ya punda anayefukuza nzi. Lakini nzi hawakuwapo. Mbwa alimtazama, akatikisa mkia, kisha akaanza kutembea kinyumenyume, polepole, hatua kwa hatua, kana kwamba mbele yake pana kitu asichotaka kukipa mgongo. Alirudi hivyo mpaka ukutani, na hata hapo miguu iliendelea kusukuma. Kabla ya jua kuchwa alikuwa amekufa, meno yamekaza.

"Amekula kitu," alisema Efraimu.

"Amelamba kasia."

"Dawa ni dawa, mama. Hata zamani mbwa wakilamba walikufa."

Sinyati akaenda kuliosha lile karai. Chini yake palibaki dawa kiasi cha kujaza kiganja. Aliliinamisha ili aimwage, na mkono wake ukasita. Maziwa ukiyainamisha hukimbia. Hii haikukimbia. Ilisimama ikajikusanya, kisha ikaporomoka kwa mkupuo, ikasimama tena, kama kitu kinachofikiri. Aliongeza maji kidogo akakoroga kwa kijiti. Ikawa nyeupe, nzuri. Akaacha. Baada ya muda uso wa ile dawa ukaanza kufumbua macho, vijicho vya mafuta, kimoja hapa, kimoja pale.

Alichovya kijiti akaweka tone kwenye ubapa wa kisu, akatoka nacho kwenye mwanga uliobaki. Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa chuma. Lilikuwa tone la mafuta, kubwa, la kuonekana kwa jicho. Na ndani ya tumbo la lile tone yalikuwamo matone mengine, madogo, meupe, ya maji. Tone ndani ya tone. Siagi isiyokandwa.

Hapo maneno ya Aikaeli yakamrudia, safari hii karibu kabisa. Maji ndani ya dawa. Hata siku moja.

Usiku ule baada ya sala alisema, "Baba Lemayian, kesho tusiogeshe."

"Kwa nini?"

"Ile dawa tuliigeuza. Mafuta yamemeza maji. Matone ni makubwa."

Efraimu alikuwa anavua koti. "Umeyaona joshoni?"

"Kwenye karai."

"Karai si josho. Joshoni nimekoroga mpaka mabega yameuma. Na Nasieku na wenzake watakoroga tena." Kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Yule Kasaine wa rika langu amesema barazani kwamba mtunza josho anayeongozwa na mkewe ampe mkewe na ufunguo. Nikifunga josho kesho, nitawaambia nini? Kwamba mke wangu ameota siagi?"

Sinyati angeweza kubishana. Hakubishana. Alijiambia kwamba huenda yeye ndiye mwenye hofu tu, na kwamba lawama ya neno lile la Jumatatu ndiyo inayompaka giza machoni. Aliomba Mungu, lakini hata katika kuomba alijua anaomba asilazimike kusema.

Jumatano asubuhi ukungu ulikuwa palepale. Ng'ombe walitokea humo kichwa kwanza, kengele zao zikasikika kabla ya miili. Kasaine alifika na ndama wake thelathini na wanne, amejifunga shuka mbili, fimbo begani. Yeye na Efraimu walikuwa rika moja, waliotahiriwa msimu mmoja, na kwa hiyo walikuwa na haki ya kutukanana.

"Efraimu! Bado unawaosha ng'ombe, au siku hizi wanakuosha wewe?"

"Lete wako waoshwe, wananuka kama bwana wao."

"Wangu leo ni watoto. Ogelea wewe kwanza, nione kina." Watu wakacheka. Alipomwona Sinyati akamsalimu, "Takwenya, shemeji."

"Iko," aliitikia Sinyati, lakini macho yake yalikuwa majini. Juu ya ule weupe, pembeni kabisa kwenye kona, vyura wanne walielea wameonyesha matumbo.

Akafungua kinywa. Na kabla neno halijatoka, Efraimu alipiga mluzi, na Nasieku, kwa mazoea ya miaka mitatu, akashuka mbio kwenye njia ya saruji akaruka.

Maji yalimfunika mpaka pembe. Akaibuka akipumua kwa nguvu, akaogelea, akapanda ngazi. Sita wakamfuata. Efraimu aliwazungusha wakaruka tena, kama ilivyo desturi. Mara ya pili maji yalikuwa yamechafuka kweli, na pale ndipo Sinyati alipoona kile alichokiogopa. Kukoroga hakukuyatengeneza maji. Kulikuwa kumeyapasua yale matone, na yaliyokuwa yamefichwa yakatoka. Mafuta yalipanda juu kwa mapana, macho yakaungana na macho, na ule weupe ukapata mabaka ya rangi ya asali.

Alikimbia mpaka kwenye sakafu ambapo ng'ombe husimama wachuruzike. Siku zote maji hutiririka kutoka matumboni mwao kama uzi na kurudi joshoni. Leo yalitoka mabongemabonge, na mengi hayakutoka kabisa. Yalibaki juu ya manyoya, yakameta. Alimpangusa Nasieku ubavuni, na kiganja chake kikarudi kimepakwa mafuta.

Nyuma yake Kasaine alikwishafungua lango. Ndama wa kwanza alikuwa ameweka kwato kwenye njia ya kushuka.

Sinyati hakujua amefikaje pale. Alijikuta ameushika mti wa lango kwa mikono miwili, ameulaza mbele ya ndama.

"Hawaingii."

Kasaine alidhani ni mzaha. "Shemeji! Leo umekuwa Bwana Mifugo? Koti lako liko wapi?"

"Hawaingii, Kasaine. Maji yameharibika."

"Efraimu! Njoo umtoe mkeo langoni, ndama wangu wanapata baridi!"

Efraimu alikuja, uso umemkaza. Sinyati alimtazama mumewe, na sauti yake, ile ya chini, ikasikika hadi kwa walio nyuma, maana hapakuwa na sauti nyingine. "Ni mimi. Yeye aliambiwa namna ya kuchanganya, na mimi nikamshawishi kinyume. Nilitia maji ndani ya dawa nikaisukasuka kama maziwa. Matone ni makubwa, yanakaa juu ya ngozi. Mbwa wetu amekufa jana. Nilijua jana, nikanyamaza."

"Na wako walioingia?" aliuliza Kasaine polepole.

Sinyati alimgeukia Nasieku. Efraimu aliyatazama yale mabaka ya asali. Aliyatazama muda mrefu, kama mtu anayesoma barua yenye habari za msiba. Kisha akauchukua mti wa lango mikononi mwa mkewe, na watu wakadhani anaufungua. Akaukaza kwa kamba.

"Mfereji!" alisema. "Leteni maji. Ndoo, vibuyu, chochote."

Kasaine, ambaye hakupata kumbebea mtu maji maishani mwake, ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbia. Walimwaga maji ya mlima, baridi kama chuma, juu ya wale ng'ombe saba, wakawasugua kwa majani na majivu. Mafuta yalikataa kuondoka. Ulisugua hapa yakaonekana pale. Na katika harakati hizo, milango yote ikiwa wazi na kila mtu akikimbia na ndoo, hakuna aliyemwona yule ndama mwekundu, aliyekuwa amefungwa nyumbani, akitokea ndani ya ukungu na kipande cha kamba shingoni. Sinyati alipogeuka alimkuta chini ya mama yake. Alikuwa amekwisha kunyonya. Sasa alikuwa anamlamba mbavu.

Alimvuta, akamfuta ulimi kwa khanga yake.

Nasieku alianza kutetemeka saa sita. Kwanza masikio, kisha shingo, kisha ngozi yote ikawa inakwenda kama maji yenye upepo. Povu likamtoka. Alipandwa na ukali usio wake, akaupiga ukuta wa saruji kwa paji la uso, tena na tena, halafu akausukuma kana kwamba upande wa pili kuna njia. Sinyati alikaa karibu kadiri alivyoruhusiwa, akimwita kwa jina. Saa tisa alianguka, asiinuke tena. Wengine watatu walitetemeka lakini wakasimama. Watatu hawakuonyesha kitu.

Alasiri hiyohiyo Efraimu alimtuma mtu kwa miguu kwenda mjini kumwita Aikaeli aje kulifunga josho. Alivua ule ufunguo akautundika kwenye msumari wa mlango, mahali ambapo kila mtu angeuona. Kwa mkewe alisema neno moja tu. "Ungenishika mkono jana, ningekasirika. Lakini ningesimama."

"Najua," alisema Sinyati.

Kasaine alikuja jioni, bila utani. Alisimama mlangoni akichora ardhini kwa fimbo. "Shemeji, nimewahesabu. Thelathini na wanne, wote wanakula. Mmoja ni wako. Kesho uje uchague, jike, yeyote."

"Asante, shemeji. Ngoja kwanza."

"Unangoja nini?"

Sinyati alionyesha kwa kidevu. Ndama mwekundu alikuwa amesimama katikati ya zizi, miguu imeachana, shingo ameinyoosha. Alikuwa amekataa maziwa ya ng'ombe mwingine. Ukungu ulikuwa umeanza kupasuka kwa mara ya kwanza baada ya siku tisa, na jua lilikuwa linashuka nyuma ya vilima vya Monduli, jekundu, likamwangaza yule ndama hadi kila unywele ukaonekana. Wote wawili walimtazama. Mgongo wake ulitulia. Masikio yalitulia.

Sinyati alichuchumaa akamnyooshea mkono, akamwita kwa lile jina ambalo mama yake alimwitia mtamba wa kwanza.

Ndama akamtazama. Akainua mguu. Akauweka chini, kinyumenyume, hatua moja.